Mbao za mita tano, hati ya mita nne

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, upande wa juu wa Moshi Vijijini, tunapakana na msitu wa Kilimanjaro. Mwezi uliopita mgambo wetu walisimamisha Canter ya mbao saa moja asubuhi. Dereva alikuwa na hati ya kusafirishia mbao za saiprasi, mita 4 za ujazo. Tulihesabu mzigo: 2x4 za futi 12 vipande 120, 1x10 za futi 12 vipande 60, na 2x6 za futi 14 vipande 40. Kijana wetu mmoja aliyemaliza kidato cha nne akapiga hesabu, akapata mita 5. Afisa alikuja, akapima, akasema mzigo uko sawa, gari likaondoka. Siku mbili baadaye tukakuta visiki vitatu vibichi vya mseri, ule mti wa asili wenye harufu ya kafuri, juu ya mfongo (mfereji wa maji) wetu, mzingo wake sentimita 188, 160 na 210. Wananchi wanasema afisa amekula. Je, ile mita moja imeibwa kweli? Na tunaweza kuthibitisha kwamba mbao zile zimetoka kwenye visiki vile?

Jibu: Marahaba, katibu. Nianze na lile ambalo wanakijiji wenzako hawatalipenda. Kwa namba ulizonitumia, hamjathibitisha kwamba afisa alikula, na wala hamjathibitisha kwamba hakula. Mlichonacho ni majibu mawili yaliyopatikana kwa njia mbili, na hakuna upande ulioandika njia yake. Vyenye uzito katika barua yako ni vile visiki vitatu, na naona kila mtu kavipa kisogo kwa sababu ya gari.

Hesabu ya kijana wenu haina kosa, mpeni hongera yake. Inchi moja ni sentimita 2.54 na futi moja ni mita 0.3048. Kwa hiyo 2x4 ya futi 12 ni 0.0508 mara 0.1016 mara 3.6576, unapata mita za ujazo 0.0189, na vipande 120 vinafika 2.27. Ubao wa 1x10 wa futi 12 ni 0.0236, vipande 60 ni 1.42. Na 2x6 ya futi 14 ni 0.0330, vipande 40 ni 1.32. Jumla ni mita 5 na chembe.

Tatizo ni kwamba amepima jina la mbao, hakupima mbao. Chukua futi kamba uende duka lolote la mbao pale Moshi mjini, uombe kupima kile kinachoitwa mbili kwa nne. Mara nyingi utakuta inchi moja na robo tatu kwa inchi tatu na robo tatu. Msumeno umekula, ubao umekauka ukasinyaa, na mpasuaji naye kajikatia chake. Robo inchi kila upande inaonekana si kitu, lakini ubao huo sasa ni mita za ujazo 0.0155, si 0.0189. Umepungua kwa asilimia 18. Tuseme basi 2x6 nayo imepungua robo inchi kila upande, na 1x10 ina unene wa inchi moja kasoro nusu ya robo na upana wa inchi tisa na robo tatu. Mzigo wenu wote unashuka hadi mita 4.17. Hati ilisema 4. Tofauti hiyo ya asilimia 4, kwenye mzigo uliohesabiwa ukiwa bado juu ya gari, mimi siwezi kuipeleka mbele ya hakimu, na wewe usijaribu.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema hamkupima unene, kwa hiyo hamuwezi kukanusha. Siku nyingine msihesabu vipande tu. Katika kila saizi chomoeni vipande kumi bila kuchagua, vya juu, vya chini na vya katikati ya mzigo. Pimeni unene na upana mahali patatu, ncha mbili na katikati, na urefu mara moja. Tafuteni wastani, uzidisheni kwa idadi. Andikeni vipimo vyote kumi, na si wastani peke yake, kisha dereva aweke sahihi chini. Akikataa, andikeni kwamba amekataa. Karatasi hiyo mtu yeyote anaweza kuirudia na akapata jibu lenu, au akakosa kulipata na akaonyesha ni wapi. Kipimo kisichoweza kurudiwa na mtu mwingine kinabaki maneno tu, hata kama kimepimwa na profesa.

Mbao za kupasua zina nafuu kwa sababu zina kona. Kwenye magogo ndiko watu wanakopotezwa, na kwa kuwa kamati yenu inapakana na msitu, siku moja mtasimama mbele ya gogo. Chukua gogo moja la mita 4. Kwenye tako lina kipenyo cha sentimita 60, kwenye ncha 40, na katikati 48. Anayepima ncha nyembamba peke yake atasema mita za ujazo 0.50. Anayepima katikati, kipenyo mara kipenyo mara 0.7854 mara urefu, atasema 0.72. Anayechukua wastani wa eneo la ncha mbili atasema 0.82. Na anayefanya kazi kwa uangalifu zaidi, akajumlisha eneo la tako, eneo la ncha na eneo la katikati mara nne, kisha akagawa kwa sita na kuzidisha kwa urefu, atapata 0.75. Gogo ni moja, na kati ya jibu la kwanza na la tatu kuna karibu theluthi ya mita ya ujazo. Zidisha kwa lori la magogo thelathini uone fedha ya serikali, au ya kijiji, inavyopotea bila mtu yeyote kuvunja kufuli.

Mimi huwaambia wanafunzi wapime katikati, na kama kuna ubishi watumie ile ya kugawa kwa sita. Wastani wa ncha mbili hupandisha namba pale tako linapokuwa limetanuka, na miti yetu ya asili hutanuka sana shinani. Ncha nyembamba peke yake ni kipimo cha mnunuzi. Akikipenda mno, ujue sababu.

Kuna na mtindo wa wazee. Utamkuta fundi wa zamani anazungusha kamba kwenye gogo, anaikunja mara nne, anazidisha ile robo kwa yenyewe, halafu kwa urefu. Mtindo huu ulikuja na biashara ya Waingereza, na kusudi lake lilikuwa kufidia mabanzi na vumbi la msumeno. Gogo la mzingo wa sentimita 157 na urefu wa mita 4 lina ujazo halisi wa mita 0.78. Kwa kamba ya kukunja mara nne unapata 0.62. Daima hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 21, gogo liwe nene au jembamba. Mzee wa watu haibi, ndivyo alivyofundishwa. Lakini mkimkaribisha kwenye kamati, muulizeni kwanza anakunja kamba au hakunji. Ukiwa na mzingo, njia iliyonyooka ni mzingo mara mzingo mara urefu, kisha zidisha kwa 0.0796. Vipimo vyote viwe kwa mita, na gome liwe limetolewa au unene wake umepunguzwa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo hukuliuliza, ila ndilo naona linamaliza misitu kuliko afisa mmoja. Gogo likipita kwenye mashine halitoki lote likiwa mbao. Kwa mashine ndogo hizi za msumeno wa duara, ambazo kila mapasulio wanaziita dingdong, theluthi moja ya gogo ikitoka mbao nzuri umebahatika kiasi, na mafundi hodari wenye msumeno mwembamba wa mkanda hukaribia nusu. Nyingine ni mabanzi, vumbi na vipande vifupi. Kwa hiyo mtu mwenye kibali cha kuvuna mita 10 za ujazo za magogo anatarajiwa kutoka na mbao za mita 3 na kitu, tuseme 4 akijitahidi. Mkikuta kwamba kwa kibali kile kile amesafirisha mita 4 leo, 4 wiki ijayo, na 2 wiki ya tatu, zote mbao za kupasuliwa, hata kama kila hati inalingana na kila gari, amekata kama mita 30 za magogo. Kila karatasi ni safi ukiitazama peke yake. Wizi uko kwenye kuzijumlisha, na hakuna geti la maliasili barabarani linaloweza kuuona, kwa kuwa geti linaona gari moja moja. Kijiji ndicho kinachoweza kuuona, kwa sababu magari yote yanapita mbele yenu.

Ndiyo maana ningependa mwe na daftari moja, la kurasa ngumu, lisilochanwa. Kila gari la mbao linalopita andikeni tarehe, namba ya gari, namba ya hati, aina ya mti, ujazo ulioandikwa, inakotoka na inakokwenda. Hamhitaji kusimamisha kila gari kwa fujo. Dereva mwenye karatasi halali hana shida kuonyesha. Baada ya miezi mitatu kaeni chini mjumlishe kwa namba za vibali. Mtashangaa mambo yanavyojitokeza yenyewe: hati moja iliyosafiri mara tatu, au shamba la nusu eka lililotoa mbao za msitu mzima.

Hapo kwenye shamba niseme neno, maana huko kwetu miti haiko msituni tu. Mama mwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, akikata migrevilea miwili aliyoipanda mwenyewe ili alipe ada ya mtoto, huyo si jangili wa misitu. Mti wa kupandwa ni mali ya aliyeupanda. Anachotakiwa ni kufuata utaratibu wa kijiji na halmashauri, na mbao zikiingia barabarani ziwe na hati ya kusafirishia. Nimeona kamati zikimkimbiza mama wa namna hiyo kwa ukali wote, huku mseri wa miaka mia ukishuka mlimani vipande vipande begani mwa vijana usiku. Na kuna miti ambayo hata ikiota shambani kwako huwezi kuikata bila ruhusa, kwa kuwa sheria imeitaja kuwa miti iliyohifadhiwa. Mwombeni Afisa Misitu wa halmashauri orodha yake, muibandike ofisi ya kijiji.

Turudi kwenye visiki. Swali lenu la pili ni zuri kuliko la kwanza na lina jibu, nusu yake angalau.

Kisiki hakikuambii moja kwa moja ukubwa wa mti, kwa sababu mti hupimwa kipenyo chake kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na chini ya hapo shina limenenepa. Njia ya kuvuka hapo haihitaji kompyuta. Tafuteni miseri iliyosimama jirani na visiki, kama ishirini hivi, minene na myembamba. Kila mmoja pimeni mzingo wake kwenye kimo kile kile cha kisiki, tuseme sentimita 20 au 30 kutoka ardhini upande wa juu wa mteremko, kisha pimeni tena usawa wa kifua. Gawanyeni cha pili kwa cha kwanza. Wastani wa majibu hayo ndio ufunguo wenu, na ni wa msitu wenu, hamkuuazima kwenye kitabu kilichoandikiwa Ulaya.

Nichukulie kwa mfano kwamba mmepata 0.85. Kisiki cha mzingo wa sentimita 188 kina kipenyo cha karibu 60, kwa hiyo mti ulikuwa na kipenyo cha 51 kwenye usawa wa kifua. Cha 160 kinatoa 43, na cha 210 kinakaribia 57. Urefu mnautoa kwenye miti jirani yenye unene unaofanana. Kama hamna kifaa, chukueni fimbo yenye urefu sawa na kutoka jichoni hadi ngumi ya mkono ulionyooshwa, ishikeni wima, kisha mtu arudi nyuma mpaka fimbo ifunike mti wote kutoka shinani hadi kileleni. Umbali kutoka aliposimama hadi kwenye mti ni urefu wa mti. Asimame usawa mmoja na shina, akitembea kukata mteremko. Akipanda au kushuka nao, kwa milima yetu, atadanganyika kwa mita nyingi.

Tuseme urefu ni mita 24 kwa kisiki cha kwanza, 22 kwa cha pili na 26 kwa cha tatu. Ujazo wa mti uliosimama ni eneo la kipenyo cha kifuani mara urefu mara kigezo cha umbo, kwa sababu mti huchongoka kwenda juu. Kwa msitu wa asili wataalamu wengi wa nchini hutumia 0.5. Unapata mita 2.45, 1.60 na 3.32. Jumla mita 7.4 za ujazo, kwa kupunguza tarakimu.

Sasa zipasue. Kwa theluthi moja, miti ile mitatu ingetoa mbao za mita 2.5 hivi. Kwa fundi hodari anayekaribia nusu, 3.5. Waliopasulia msituni kwa msumeno wa mnyororo au kwa shimo na msumeno wa watu wawili hawafiki huko, wanachukua gogo la chini lililonyooka na kuacha mengine yaoze. Mseri mkubwa pia mara nyingi huwa na uwazi moyoni, umeoza ndani huku nje mzima, kwa hiyo angalieni kisiki kama kina tundu mpunguze. Mzigo wa Canter ulikuwa kati ya mita 4.2 na 5. Visiki vitatu haviwezi kuujaza. Ama kuna visiki vingine ambavyo hamjavikuta, ama mbao zile hazikutoka pale, ama baadhi ndizo za mseri na zimechanganywa na saiprasi halali ili ziingie chini ya hati moja.

Dhana hii ya tatu ndiyo ningeifuata, kwa sababu ndiyo mbinu ya siku zote. Upande wa Siha kuna shamba la miti la serikali la West Kilimanjaro, upande wa Rombo kuna lile la Rongai, na Arusha kuna Meru Usa. Saiprasi na misindano halali hutoka huko kila siku, na karatasi zake ni rahisi kupatikana. Mbao za asili hulazwa katikati, saiprasi juu na pembeni. Hapo ujazo haukusaidii kitu. Kinachosaidia ni pua. Ubao wa mseri ukikwaruzwa kwa kisu hutoa harufu kali ya kafuri, ile ya dawa ya kuchua, na rangi yake ni ya manjano ya kahawia inayokoza ikikaa kwenye hewa. Saiprasi ina harufu ya utomvu, tamu kidogo, na ni nyeupe ya krimu. Fundi seremala yeyote wa kwenu atazitofautisha gizani. Je, siku ile kuna aliyekwaruza ubao wa katikati? Kwenye barua yako sioni. Kama kuna mgambo aliyepiga picha kwa simu, zikuzeni mtazame rangi za ncha za mbao, na picha hizo msizifute hata kama hazionyeshi kitu.

Mzigo umekwenda, na kesi ya mzigo kwa sasa imelala. Visiki havijaenda popote. Kabla hamjapanda tena huko juu, jueni mko ardhi ya nani, maana hapa ndipo kamati nyingi za Kilimanjaro zinapojikwaa. Ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia msitu mkubwa umebaki vichwani mwa wazee kama mali ya vijiji. Lakini msitu wa hifadhi uliozunguka mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Kabla ya hapo hifadhi ya taifa ilianzia mita 2,700 kwenda juu. Ikiwa visiki viko ndani ya mipaka hiyo, anayehusika ni KINAPA, yaani uongozi wa hifadhi hiyo, na sheria inayotumika ni ya hifadhi za taifa. Ikiwa viko kwenye msitu au shamba la miti la serikali lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, mnakwenda kwa Mhifadhi Misitu wa Wilaya. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, halmashauri yenu ya kijiji ina sauti, pamoja na Afisa Misitu wa halmashauri ya wilaya. Taarifa iliyopelekwa dirisha lisilo lake hukaa kwenye faili mpaka kisiki kiote uyoga.

Kwa maelezo yako ya kuwa juu ya mfongo, na kwa kuwa ni mseri, nakisia ni ndani ya hifadhi. Basi msipande peke yenu na msikate chochote, hata kisahani cha ushahidi, kwa kuwa mtakuwa mnafanya kosa lile lile mnalolichunguza. Ombeni mwende na askari wa hifadhi. Mkifika, simu iandike majira ya mahali (namba za GPS) kwa kila kisiki. Pigeni picha moja ya mbali inayoonyesha mazingira, moja ya juu ya kisiki ikiwa na futi kamba imelazwa, na moja ya kuzunguka. Tazameni vumbi: msumeno wa mnyororo hutupa chembe kubwa kama punje, wa mkono huacha unga laini. Hesabuni mabanzi na magogo yaliyoachwa, yapimeni, kwa sababu ujazo wa yaliyobaki ukitolewa kwenye ile 7.4 ndio unaokuonyesha kilichoondoka. Tazameni njia ya kuburutia inaelekea wapi. Na msiishie kwenye visiki vitatu. Wapasuaji hawajengi jukwaa kwa ajili ya miti mitatu.

Mseri una faida moja, huchipua tena kutoka mizizini na kwenye kisiki. Machipukizi yakiachwa bila kukanyagwa na ng'ombe, mti una nafasi ya kurudi, kwa hiyo waambieni vijana wasichome wala kufyeka pale. Uvunaji wa mti huu si wa jana. Mwaka 2001 msitu wa Kilimanjaro ulikaguliwa kwa ndege, na waliokagua waliona mseri ukikatwa kiharamu kwa wingi, hasa chini ya mita 2,500, yaani juu tu ya vihamba vyenu. Uliobaki ni ule ambao watu wa kwenu walikubali kuuchunga, na maji ya mfongo unaoutaja yanatoka chini ya miti hiyo hiyo.

Kuhusu kusimamisha magari: mgambo wanaweza kumwomba dereva hati na kutoa taarifa, lakini kushikilia mzigo ni kazi ya ofisa mwenye mamlaka au polisi. Simuni mapema, kabla gari halijafika. Afisa akikamata, aandike hati ya ukamataji papo hapo yenye idadi ya vipande kwa kila saizi, na shahidi wa kijiji atie sahihi. Tangu hapo kila anayepokea mbao zile aandike amepokea ngapi kutoka kwa nani. Nimeona kesi nzuri ikianguka kwa sababu vipande 220 vilivyokamatwa vilifika mahakamani vikiwa 196 na hakuna aliyeweza kueleza 24 vimekwenda wapi. Wakili wa mshtakiwa hahitaji zaidi ya hapo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kukutwa na mazao ya misitu bila maelezo ya halali ni kosa lenyewe, hata kama hakuna aliyekuona ukikata. Hapo ndipo hati inapokuwa silaha yenu. Isomeni mstari kwa mstari: aina ya mti, kiasi, inakotoka, inakokwenda, namba ya gari, tarehe ya kuanza na ya kuisha, mihuri ya mageti iliyopita. Kama hati inasema mbao zinatoka Siha kwenda Moshi mjini, gari lina sababu gani ya kupita juu kwenu saa moja asubuhi? Swali hilo mngeliuliza siku ile, kabla ya kuhesabu kipande hata kimoja. Kwenye magogo tafuteni alama ya nyundo ya serikali pale lilipokatwa. Na wakati mwingine mkosaji hukiri na kulipa faini ofisini bila kufikishwa mahakamani, sheria inaruhusu kosa kufifilishwa. Likitokea hilo msipige kelele kwanza, ombeni kuona stakabadhi yenye namba ya malipo ya serikali. Malipo yasiyo na namba hiyo hayajafika serikalini.

Kijiji nacho kina meno yake. Mnaweza kutunga sheria ndogo za mazingira. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha, na baada ya hapo faini zenu zina nguvu. Bila idhini hiyo, faini ya kijiji inaweza kurudishwa mahakamani mkaaibika.

La afisa sasa. Msimshitaki kwa maneno ya kilabuni. Andikeni barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji, mwombe kwa heshima nakala ya vipimo alivyochukua siku ile: vipande vingapi alivipima, unene na upana aliopata, na kama aliangalia mbao za katikati ya mzigo. Ambatanisheni hesabu yenu ya mita 5, mkieleza wazi kwamba ni kwa saizi za jina. Nakala moja iende kwa mkuu wake wa kazi. Afisa aliyepima kweli atajibu kwa ukurasa mmoja, na mtakuwa mmepata rafiki ofisini. Asipojibu, au akijibu kwamba aliangalia kwa macho, hapo mna jambo la kupeleka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, pamoja na barua, picha, na namba ya hati ile. Namba hiyo mliiandika?